Leseni Yake au Leseni Zake? Kiswahili cha Mikataba ya Simu za Ofisini

Nomino "leseni" haina umoja wala wingi unaoonekana kwa macho. Imo katika ngeli ya I-ZI: leseni moja ni leseni, na leseni mia ni leseni vilevile. Kinachotujulisha idadi ni kiambishi cha upatanisho: leseni hii, leseni hizi, leseni yake, leseni zake. Darasani jambo hili hufundishwa kwa kipindi kimoja, mwanafunzi hujibu swali la mtihani, kisha hulisahau. Katika ofisi za Kibaha na Kisarawe leo, jambo hilohilo lina thamani ya fedha, na nia yangu ni kueleza kwa nini.

Ukumbi huu ni wa washairi na wapenzi wa lugha, na yumkini wapo watakaoshangaa kuona mitambo ya simu imeingia humu. Jibu langu ni fupi. Mshairi huhesabu mizani kwa sababu silabi moja ikipungua mshororo huchechemea. Mkataba nao una mizani yake; kiambishi kimoja kikipungua, anayechechemea ni mlipaji.

Tuanze na mtambo wenyewe. Kila ofisi yenye vyumba vingi, iwe shule, zahanati, kiwanda cha Zegereni au ushirika wa akiba na mikopo, huhitaji simu za ndani zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe na kutoka nje kwa namba moja. Zamani kazi hiyo ilifanywa na opereta aliyeketi mbele ya swichibodi, akichomeka na kuchomoa nyaya. Siku hizi inafanywa na sanduku dogo lenye programu ndani yake. Neno letu "simu", ambalo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, limevuka mabadiliko yote hayo bila kuchoka. Maneno yaliyokuja baadaye ndiyo yanayotusumbua.

Sanduku hilo huuzwa likiwa na uwezo mkubwa kuliko ule unaoruhusiwa kuutumia. Linaweza kuhudumia simu hamsini, lakini linafikishwa likiwa limefunguliwa kwa simu chache tu. Ukitaka nyingine ziite, ukitaka sanduku la ujumbe wa sauti, au ukitaka kuunganisha simu zilizotengenezwa na kampuni nyingine, hulazimiki kuongeza waya wala chuma. Unanunua namba. Namba hiyo, au faili dogo lililobeba namba hiyo, hutengenezwa na kiwanda kwa kuilinganisha na namba ya utambulisho ya sanduku lako au ya kadi iliyomo ndani yake. Ukiipeleka kwenye sanduku la jirani, haitafanya kazi. Wauzaji wetu huiita "ufunguo wa leseni", au "leseni" tu.

Neno la kwanza linalopotosha ni "ufunguo". Ufunguo umezaliwa na kitenzi "fungua", ambacho ni kauli ya kutendua ya "funga". Wahenga waliokibuni walikitazama kile chuma kwa upande wa hisani yake: kinafungua. Walinyamaza kuhusu upande wa pili, kwamba chuma hichohicho ndicho kinachofunga. Katika mtambo wa simu ule ukimya unatudhuru. Mnunuzi anapoambiwa "ufunguo", hufikiri amepata kitu cha kumfungulia mlango wake mwenyewe. Hafikiri kwamba kuna mtu aliyeufunga mlango huo kiwandani kwa makusudi, na kwamba huyo ndiye atakayeendelea kushika kufuli. Tena, kwetu ufunguo ukipotea unakwenda kwa mchonga funguo sokoni, na hakuna anayemwita mwizi. Kwa hiyo mtu akijitokeza na kusema anachonga funguo za mitambo ya simu kwa nusu ya bei, sikio la Mswahili halishtuki. Ndivyo funguo zilivyo.

Tunayo mifano iliyo karibu zaidi na ukweli, tena inajulikana hata kwa mtoto. Wa kwanza ni vocha. Kila aliyewahi kukwangua vocha anajua kwamba namba ile ni malipo, kwamba ikishaingizwa imekwisha, na kwamba anayekuuzia vocha iliyokwisha kukwanguliwa amekuibia. Wa pili ni kibali cha ujenzi. Kibali hutolewa kwa kiwanja kimoja chenye namba yake; huwezi kukichukua kibali cha kiwanja cha Mailimoja ukajengea nyumba Kisarawe, hata kama viwanja vyote viwili ni vyako. Namba ya mtambo wa simu ni vocha kwa jinsi inavyotumika na ni kibali kwa jinsi inavyofungamana na mahali pamoja. Haifanani na ufunguo hata kidogo.

Neno la pili ni "leseni" lenyewe. Mtanzania analifahamu kwa njia mbili: leseni ya udereva na leseni ya biashara. Zote mbili hutolewa na mamlaka ya umma kwa mtu au kampuni, na zote mbili humstahilisha mwenye nazo. Kwenye mawasiliano kuna nyingine: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hutoa leseni kwa watoa huduma, na huidhinisha vifaa vya mawasiliano vinavyoingia sokoni. Sasa muuzaji anaposema, "Mtambo huu una leseni," anasema nini? Kwamba yeye ana leseni ya biashara? Kwamba kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka? Au kwamba mtengenezaji ameruhusu simu kadhaa zitumike? Ni hati tatu, kutoka mikono mitatu, na neno ni moja.

Nililiona jambo hili kwa karibu katika shule moja ya bweni ya binafsi wilayani Kisarawe. Uongozi wake ulinialika niwasaidie kuusoma mkataba uliokwisha kutiwa saini, kwa kuwa nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi na walimu wawili wa pale walikuwa wanafunzi wangu. Mkataba ulikuwa wa Kiswahili, jambo ambalo kwanza lilinifurahisha. Kifungu chenye mgogoro kilisema hivi: "Mtambo wenye uwezo wa simu 24, pamoja na leseni." Simu 24 zilifungwa ukutani na mezani, ila zilizoita zilikuwa 8. Zilizokaa kimya zilikuwa za mabwenini, jikoni na chumba cha muuguzi. Mwanafunzi akiugua usiku, matroni humpigia muuguzi kwa simu yake ya mkononi, kwa salio lake mwenyewe, kama salio lipo.

Muuzaji aliitwa, akaja, akaamkia vizuri, akakisoma kifungu kwa sauti. "Mwalimu," akaniambia, "mtambo una uwezo wa simu 24. Nimeuleta. Leseni imo, ya simu 8. Nimeileta. Ni wapi nimekosa?" Nilikisoma kifungu mara ya pili na ya tatu. Kisarufi hakukosa. Lau kifungu kingesema "pamoja na leseni zake zote 24", asingekuwa na la kusema. Lau kingesema hata "leseni zake", tungekuwa na wingi wa kusimamia. Lakini kiambishi kiliachwa, na nomino ya ngeli ya I-ZI ikiachwa peke yake hujifunika idadi yake kama anayejitanda khanga. Fedha za shule zilipita katika mwanya huo.

Ikabidi zitafutwe leseni 16 zilizosalia. Wazabuni watatu walileta ankara kifani, na wote watatu, kana kwamba wameambizana, waliandika maneno yaleyale: "leseni za mtu wa tatu". Bei zilitofautiana mno. Ya chini haikufika nusu ya bei ya juu. Mhasibu alikuwa tayari kuchukua ya chini, na simlaumu, kwani ukipewa vitu vitatu vyenye jina moja, akili ya kawaida huchagua kilicho rahisi.

Lakini havikuwa vitu vya jina moja. Kihusishi cha "-a" unganifu katika Kiswahili hubeba mizigo mingi. "Picha ya Juma" yaweza kuwa picha anayoimiliki Juma, aliyoipiga Juma, au inayomwonyesha Juma. Ndivyo ilivyokuwa pale. Mzabuni wa kwanza alikuwa na maana ya leseni halali ya mtengenezaji inayoruhusu mtambo wake kupokea simu za kampuni nyingine. Simu za shule zilikuwa za kampuni nyingine, na wapo watengenezaji wanaotoza leseni ya pekee kwa simu zisizo zao. Mzabuni wa pili alikuwa na maana ya leseni inayouzwa na mtu ambaye si mtengenezaji wala wakala aliyeidhinishwa. Mzabuni wa tatu alikuwa na maana ya leseni iliyotumika katika ofisi nyingine iliyofungwa, ambayo sasa ingehamishwa. "Mtu wa tatu" wa kwanza ni aliyetengeneza simu, wa pili ni muuzaji, wa tatu ni mmiliki wa zamani. Kihusishi kimoja kimewafunika wote.

Kiswahili hakikushindwa, kilitumiwa kwa uvivu. Lugha hii ina kauli ya kutendea na ina kirejeshi, na viungo hivyo viwili vinatosha kabisa. Leseni ya kwanza ni "leseni ya kuunganishia simu za kampuni nyingine". Ya pili ni "leseni inayouzwa na asiye wakala". Ya tatu ni "leseni iliyokwisha kutumika, inayohamishwa". Isome ile ya pili kwa sauti mbele ya kamati ya ununuzi, uone kama mhasibu ataendelea kutabasamu.

Si kwamba kila asiye wakala ni mwizi. Lakini hatari ipo, na ina kumbukumbu mahakamani. Mwaka 2022 waendesha mashtaka wa Marekani, katika jimbo la Oklahoma, waliwashtaki watu watatu kwa biashara ya leseni za mtambo wa simu wa kampuni ya Avaya, unaotumiwa na ofisi nyingi ndogo na za kati duniani. Mmoja wao alikuwa mfanyakazi wa huduma kwa wateja wa kampuni hiyohiyo. Alitumia mamlaka yake ndani ya mfumo kuzalisha makumi ya maelfu ya namba, na kutoka hapo zikauzwa kwa wauzaji wa rejareja. Thamani yake kwa bei ya dukani ilikadiriwa kuzidi dola milioni 88. Washtakiwa walikiri makosa. Lililonigusa mimi ni hili: namba zile zilifanya kazi. Zilitoka katika mashine ya kiwanda chenyewe. Mnunuzi wa mwisho aliziingiza, simu zikaita, akaridhika. Kuita kwa simu, basi, si ushahidi wa uhalali, na fundi anayesema "tujaribu kwanza, ikiita tulipe" hajathibitisha chochote.

Upande wa pili nao usikilizwe, kwa kuwa leseni iliyotumika inaweza kuwa halali kabisa. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri kati ya UsedSoft na Oracle, iliamua kwamba mtengenezaji anayempa mteja nakala ya programu na haki ya kuitumia milele, kwa malipo ya mara moja, amemuuzia. Kwa hiyo hawezi kumzuia mteja huyo kuiuza tena. Masharti yalikuwepo: anayeuza lazima aache kabisa kuitumia nakala yake, na hawezi kuvunja fungu la leseni akauza nusu, akabaki na nusu. Miaka miwili kabla, Septemba 2010, mahakama ya rufaa ya Marekani katika shauri la Vernor na Autodesk ilikuwa imeelekea kwingine: mkataba ukisema ni ruhusa ya kutumia na ukiweka vizuizi vikubwa vya matumizi na uhamishaji, aliyelipa si mmiliki, ni mwenye ruhusa tu. Mahakama mbili kubwa zilikaa kutafuta maana ya kitenzi kimoja, "kuuza". Asije mtu akaniambia tena kwamba mambo ya lugha ni ya washairi peke yao.

Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama kazi nyingine za ubunifu. Malenga anayelalamika diwani lake kurudufiwa pembeni ya barabara hana budi kukubali kwamba aliyeandika programu naye ana jasho lake. Ila haki hiyo ya mtengenezaji haimwondolei mnunuzi haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, anachonunua ni nini.

Wengine husema: hayo ni mambo ya kitaalamu, yaachwe katika Kiingereza. Hoja hii ina udhaifu mara mbili. Kwanza, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mgogoro wa mtambo wa simu ukifika mbele ya hakimu, maneno ya Kiswahili ndiyo yatakayopimwa, na heri yapimwe mapema kabla ya kutia saini. Pili, Kiingereza chenyewe ndicho kilichotuletea fumbo la "mtu wa tatu". Tulilitafsiri neno kwa neno bila kuuliza linamhusu nani, na tafsiri ya namna hiyo huhamisha giza kutoka lugha moja hadi nyingine.

Wengine, hasa vijana wa kompyuta, husema tuachane na leseni hizi kabisa, kwa kuwa ipo mitambo huria. Ni kweli. Programu ya Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, hutolewa bila kutoza leseni kwa kila simu, na kompyuta ya kawaida yaweza kuwa mtambo wa simu wa shule nzima. Lakini hapo unachonunua ni ujuzi wa mtu wa kuusimika na kuulinda, na mtu huyo akihamia mji mwingine, swali la nani ana ufunguo litarudi kwa sura nyingine. Sizuii njia hiyo. Huenda kwa shule nyingi za Pwani ndiyo inayofaa zaidi. Nasema tu kwamba huwezi kuchagua kati ya njia mbili ikiwa maneno yanayozieleza hayaeleweki.

Napendekeza, basi, istilahi tatu, na naziweka mbele ya wasomaji wa ukumbi huu wazikosoe kabla hatujazipeleka BAKITA. Ile ruhusa ya mtengenezaji tuiite "kibali cha matumizi", kusudi neno "leseni" libaki kwa leseni za mamlaka za umma. Kibali ni cha KI-VI: kibali kimoja, vibali 24, idadi yake haiwezi kujificha. Ile namba tuiite "namba ya uwezeshaji", tuachane na ufunguo. Na "mtu wa tatu" tumwite kwa kazi yake: mtengenezaji mwingine, muuzaji asiye wakala, au mmiliki wa awali.

Napendekeza pia maswali manne yaandikwe katika kila zabuni ya mtambo wa simu. Vibali vya matumizi ni vingapi, na kila kimoja kinaruhusu nini? Namba za uwezeshaji zimefungamanishwa na namba gani ya utambulisho wa mtambo, na mtengenezaji atathibitisha hivyo kwa maandishi? Vibali ni vya kudumu au vya muda, na muda ukiisha simu zitanyamaza? Mtambo ukiharibika na kubadilishwa, nani atagharimia kuhamisha vibali?

Pale Kisarawe tuliwaandikia wazabuni wote watatu maswali hayo. Wa kwanza alijibu kwa siku mbili na kuambatisha barua ya wakala. Wa tatu alijibu kwa unyofu kwamba hawezi kuthibitisha kama mtengenezaji ataruhusu uhamisho. Yule wa bei ya chini hajajibu. Fedha hazikutosha vibali 16, vikanunuliwa 10, na kamati ikaamua kwa kauli moja kwamba mabwenini na chumba cha muuguzi vianze. Jiko na stoo vitasubiri ada za muhula ujao.

Mwaka 1970, kituo cha elimu cha Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, kilikabidhiwa kwa Serikali yetu. "Kukabidhi" kulikuwa na maana kamili: majengo, mashamba na madaraka vilibadili mikono. Leo hati ya makabidhiano ya mtambo wa simu hutiwa saini kwa kitenzi hichohicho, huku nusu ya kilichomo ndani ya sanduku kikiwa bado mkononi mwa mwingine. Kitenzi hakijabadilika, kilichobadilika ni biashara. Walimu wa Kiswahili wenzangu, mlio kazini na mliostaafu, mkiitwa katika kamati za shule na za vijiji, msikae pembeni mkidhani mmeitwa kuandika muhtasari tu. Ombeni mkataba, tafuteni kila nomino ya I-ZI iliyoachwa bila upatanisho, na ulizeni: ngapi?